Mwanga wa karakana: Mambo ya kuzingatia kabla ya kununua taa

KITALE na Bungoma ni miji inayotegemea sana mikono ya mafundi. Katika Kaunti ya Trans Nzoia, inayosifika kuwa ghala la mahindi la taifa, matrekta, plau na mashine za kupukuchua mahindi huhitaji kukarabatiwa kila msimu. Bungoma nako, malori ya barabara kuu ya kuelekea Malaba na matrela ya kubebea miwa huwapa mafundi kazi mwaka mzima.

Kazi za aina hii huhitaji jengo pana lenye paa la juu. Aghalabu mwenye jengo hushughulikia kwanza saruji, mabati na mashine, na suala la taa huja mwisho, wakati mfuko umekwisha kutoboka. Matokeo yake ni balbu chache zinazoning'inia kwenye kenchi, ilhali fundi aliye chini anafanya kazi ndani ya kivuli chake mwenyewe.

Hilo si jambo dogo. Taa isiyofaa yaweza kumgharimu fundi kidole au jicho, na kumgharimu tajiri wake fedha kila mwezi.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inaagiza kuwepo mwanga wa kutosha na unaofaa, uwe wa jua au wa taa, katika kila sehemu ambako watu hufanya kazi au hupita. Sheria hiyo inataja mambo mawili, kutosha na kufaa, na mwenye karakana sharti ayatimize yote. Taa zaweza kutosha kwa wingi wake na bado zisifae kwa kazi.

Jua kwanza

Mwanga wa bei nafuu kuliko wote ni ule wa jua. Kitale na Bungoma zimo takriban digrii moja tu kaskazini mwa ikweta, na kwa hivyo mchana hukaribia saa 12 mwaka mzima. Karakana inayofungwa jioni yaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi yake bila kuwasha taa nyingi.

Njia rahisi ni kuchanganya mabati ya kawaida na mabati angavu ya plastiki. Sehemu moja kwa kumi ya paa ni mwanzo mzuri. Mabati hayo yatawanywe kote badala ya kupangwa mahali pamoja, ili kusiwe na upande unaong'aa sana na mwingine wenye giza. Plastiki hafifu hugeuka kuwa ya manjano na kupasuka kutokana na jua, kwa hivyo inunuliwe ile iliyokingwa dhidi ya miale hiyo.

Kwa anayeanza kujenga, ni bora kuta ndefu zielekee kaskazini na kusini. Madirisha ya mashariki na magharibi hupokea jua la chini la asubuhi na jioni, ambalo humpiga fundi machoni.

Usafi nao ni sehemu ya taa. Sheria ya 2007 inataka vioo vya madirisha na vya paa vinavyoleta mwanga visafishwe ndani na nje kadiri iwezekanavyo. Kuta zilizopakwa chokaa au rangi nyeupe isiyometameta hurudisha mwanga ambao ukuta mweusi kwa moshi ungeumeza.

Mwanga wa kutosha

Hata hivyo, mawingu mazito ya alasiri wakati wa masika, pamoja na kazi za usiku, hufanya taa ziwe lazima. Wanunuzi wengi huuliza wati. Wati haipimi mwanga, bali hupima umeme unaotumiwa. Mwanga unaotoka katika taa hupimwa kwa lumeni, na ule unaoangukia mahali pa kazi hupimwa kwa luksi.

Viwango vinavyofuatwa sana kimataifa ni luksi 200 kwa kuunganisha vitu vikubwa, luksi 300 kwa kuchomelea vyuma na kukarabati magari, na luksi 500 kwa kazi za vipimo vidogo na kwa mashine za useremala.

Chukua mfano wa karakana yenye urefu wa mita 30 na upana wa mita 15, yaani mita 450 za mraba. Ili kupata luksi 300, mafundi watahitaji lumeni 135,000 zifike kwenye kazi. Kwa kuwa sehemu ya mwanga hupotelea kwenye kuta na paa, na taa hufifia kwa vumbi na umri, inafaa kugawanya kiasi hicho kwa 0.48. Jibu ni takriban lumeni 281,000.

Taa ya LED ya wati 150 inayotoa lumeni 130 kwa kila wati itatoa lumeni 19,500. Taa 15 za namna hiyo, katika safu tatu za taa tano tano, zinatosha. Zikiwaka saa nane kwa siku, siku 26 kwa mwezi, zitatumia uniti 468 za umeme. Paa likiruhusu ziwashwe saa mbili tu kwa siku, matumizi yatashuka hadi uniti 117.

Taa za zamani za zebaki za wati 400 zingetumia zaidi ya uniti 1,100 kwa mwanga uo huo na saa zilezile nane. Mkataba wa Minamata uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza taa hizo na kuzifanyia biashara baina ya nchi, na kikao cha mwaka 2023 kikaamua kuwa taa za mirija zenye zebaki nazo zikomeshwe kufikia 2027. Anayejenga leo hana sababu ya kuanza nazo.

Urefu wa paa nao usisahauliwe. Taa moja ikipandishwa kutoka mita 3 hadi mita 6 juu ya kazi, mwanga unaofika chini yake hushuka hadi robo. Ndiyo maana si busara kujaribu kumulika kila kitu kutoka kwenye kenchi. Taa za juu zitoe mwanga wa jumla, na kila meza ya kazi za vipimo vidogo, kila mashine ya kukereza vyuma na kila msumeno uwe na taa yake ya karibu.

Mwanga unaofaa

Hatari isiyojulikana sana ni ile ya taa zinazopepesa. Umeme wa Kenya huenda mizunguko 50 kwa sekunde, na taa nyingi za mirija ya zamani au za LED duni hung'aa na kufifia mara 100 kwa sekunde. Jicho halitambui, lakini mashine hutambulika vibaya. Kishikio chenye taya nne katika mashine ya kukereza, kikizunguka mara 1,500 kwa dakika, hugeuka robo kamili kati ya mng'ao mmoja na mwingine. Fundi hukiona kana kwamba kimesimama, na huweza kunyoosha mkono.

Kinga ni kununua taa za LED ambazo mtengenezaji amethibitisha kuwa hazipepesi. Pale ambapo taa za mirija bado zinatumika katika jengo lenye umeme wa fezi tatu, safu zake ziunganishwe kwenye fezi mbalimbali ili zisififie kwa wakati mmoja.

Rangi nayo ina maana. Chini ya taa za manjano za sodiamu, kama zile zilizozoeleka barabarani, ni vigumu kutofautisha nyaya za gari au kulinganisha rangi ya bodi. Taa ya karakana iwe na alama ya uaminifu wa rangi isiyopungua 80, na 90 panapopakwa rangi.

Katika karakana za useremala na vinu vya mahindi, vumbi laini laweza kushika moto likigusa taa yenye joto kali. Zichaguliwe taa zilizozibwa, zenye alama ya IP65. Chumba cha kupulizia rangi kina mvuke unaolipuka, hivyo huhitaji taa maalum za kuzuia cheche.

Fauka ya hayo, umeme hukatika, na msumeno huendelea kuzunguka kwa muda hata baada ya giza kuingia. Taa chache za betri zinazojiwasha zenyewe ziwekwe karibu na mashine na milango. Na kwa kuwa magharibi mwa Kenya hupigwa na radi nyingi, kifaa cha kuzuia mshtuko wa umeme kitazinusuru taa zote.

Uungaji wa nyaya ufanywe na fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA. Mchoro wa mahali pa mashine utangulie mchoro wa taa, kwa maana taa huwekwa kwa ajili ya kazi, wala si kwa ajili ya paa.