Kusomeana Insha: Namna ya Kutoa na Kupokea Maoni ya Mwenzako

Kinyozi hajinyoi. Msemo huu wamhusu mwanafunzi aandikaye insha kama umhusuvyo kinyozi. Mwandishi ajua alichokusudia kusema, kwa hivyo anaposoma kazi yake huyaona yaliyomo kichwani mwake hata kama hayamo kwenye karatasi. Mwenzake hana kichwa hicho, ana karatasi tu. Hapo ndipo penye faida ya kusomeana insha kabla hazijamfikia mwalimu.

Jambo hili si la ziada tena. Mtaala wa umilisi wawataka wanafunzi watathminiane, na mkondo mmoja katika mitatu ya Gredi ya 10 hadi ya 12 ni wa sanaa na michezo. Wanaosomea uanahabari vyuoni nao hupewa kazi kama hizo. Vijana wetu wataandika juu ya taarab, leso, ushairi, maigizo, filamu na redio, na watapewa kazi za wenzao wazisome. Wengi hawajaonyeshwa namna. Akipewa insha ya rafiki yake, kijana huandika "hongera, kazi safi", na akipewa ya asiyempenda humcheka. Hakuna aliyesaidika hapo.

Kwetu Pwani jambo hili lina uzito wake. Sanaa zetu nyingi zimo vifuani mwa watu kuliko vitabuni. Anachoandika mwanafunzi mmoja leo, mwengine atakinakili kesho, na kosa likishanakiliwa mara tatu huitwa historia. Msomaji wa kwanza wa insha, yaani mwanafunzi mwenzake, ndiye mlinzi wa kwanza wa mlango huo.

Desturi tuliyo nayo

Kusoma kazi ya mwenzako na kuijibu si jambo geni kwetu. Muyaka bin Haji wa Mvita, aliyeishi kati ya 1776 na 1840, alijibizana kwa mashairi na washairi wa Lamu. Majibizano yale yalikuwa makali, lakini yalikuwa na sharti: mjibu alilazimika kuishika hoja ya mwenzake na kuijibu kwa mizani na vina. Huwezi kulijibu shairi usilolisoma vizuri. Ukali tusiuchukue, kwa kuwa darasani hatushindani. Tuchukue ule usomaji wa makini.

Kabla ya kusoma

Mwandishi ndiye anayeanza. Asimpe mwenzake karatasi na kumwambia "niangalilie". Aandike juu ya rasimu mambo mawili: hoja yake kuu kwa sentensi moja, na pahali anapoona pana udhaifu. Kwa mfano: "Nataka kuonyesha kwamba jina la leso ni njia ya mazungumzo. Aya ya tatu sina hakika nayo." Sentensi hiyo humpa msomaji kipimo. Sasa aweza kusema kama insha imefika ilikokusudia kwenda.

Msomaji naye asome mara mbili. Mara ya kwanza asome yote bila kalamu mkononi, kama asomavyo gazeti. Mara ya pili ashike kalamu na atie alama pale alipokwama, alipopata shaka na alipofurahi. Anayeanza na kalamu huishia kusahihisha herufi na nukta, na hoja humpita.

Maoni yanayofaa yakoje?

Maoni yanayofaa yana vitu vitatu: yataja mahali, yasema kilichompata msomaji pale, na yamwachia mwandishi swali la kufanyia kazi. Tutazame mfano niliouandika kwa ajili ya makala haya:

"Taarab ni muziki wa Kiarabu ulioletwa Mombasa zamani. Nyimbo zake ni nzuri na zina mafunzo mengi. Siku hizi vijana hawaipendi kwa sababu ya vyombo vya habari."

Msomaji wa kwanza aandika: "Insha nzuri, endelea hivyo." Mwandishi atafurahi kwa dakika tano, na insha itabaki vile vile. Wa pili aandika: "Hujui taarab wewe." Mwandishi ataumia, na insha itabaki vile vile. Wa tatu aandika hivi:

"Sentensi ya kwanza yasema ni muziki wa Kiarabu, lakini nyimbo nizijuazo zaimbwa kwa Kiswahili na nyengine zina mahadhi ya Kihindi. Je, wazungumzia jina, ala, au muziki wote? Neno 'zamani' limeniacha njiani: ni lini? Sentensi ya mwisho umejuaje? Ni vijana wepi, na ni chombo gani cha habari?"

Huyu wa tatu hakusifu wala hakutukana. Amemtuma mwandishi kutafuta. Naye akitafuta atapata kwamba neno lenyewe asili yake ni Kiarabu, na kwamba muziki huu wahusishwa na kasri la Sultan Barghash, aliyetawala Unguja kuanzia 1870 hadi 1888. Atapata pia kwamba Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo za Kiswahili, na kwamba hapa Mombasa Juma Bhalo alisifika kwa mahadhi ya filamu za Kihindi, na Zein l'Abdin kwa kupiga udi. Aya yake sasa yaweza kuwa hivi:

"Jina la taarab latokana na Kiarabu, lakini muziki wenyewe umechanganya mengi. Katika karne ya 19 ulipigwa katika kasri la Sultan huko Unguja. Mwaka 1928 Siti binti Saad alirekodi nyimbo zake kwa Kiswahili. Mombasa nako waimbaji waliingiza mahadhi ya Kihindi. Kwa hivyo kuuita muziki wa Kiarabu ni kutaja mzizi mmoja na kuisahau mengine."

Tazama tofauti. Aya ya kwanza ingeandikwa na mtu yeyote. Ya pili ina hoja, na hoja hiyo imezaliwa na maswali ya mwenzake. Ile sentensi ya vijana imeondoka, kwa kuwa mwandishi hakuwa na ushahidi nayo.

Mambo ya kuangalia katika insha za sanaa na habari

La kwanza, je, kitu chenyewe kimeelezwa kabla ya kuhukumiwa? Mwanafunzi akisema leso fulani "inapendeza", muulize ina pindo la namna gani, mji wake una nini, na jina lake lasemaje. Akisema wimbo "wasikitisha", muulize ni sauti, ni ala au ni maneno. Hukumu bila maelezo haimfikishi msomaji popote.

La pili, je, madai makubwa yana ushahidi? Mada ya "vyombo vya habari vimewaharibu vijana" haikosi shuleni. Atakayeisoma aulize: ni redio, televisheni au simu? Ni kipindi gani, na chatangazwa saa ngapi? Umemsikia nani akisema kimemfanya nini? Mwandishi akishindwa kujibu, si lazima aitupe mada. Aipunguze. Insha juu ya kipindi kimoja alichokisikiliza kwa wiki mbili ina faida kuliko insha juu ya vyombo vyote vya ulimwengu.

La tatu, miaka na majina. Mwanafunzi akiandika kwamba Waswahili wa Mombasa hawakuwa na magazeti yao mpaka baada ya uhuru, mwenzake akiuliza tu "umejuaje?" kosa litafichuka. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianzisha gazeti la Al-Islah papa hapa Mombasa mwaka 1932, zaidi ya miaka 30 kabla ya uhuru. Si lazima msomaji awe alijua hilo. Kazi yake ni kuuliza.

La nne, ruhusa na sitara. Insha za sanaa hubandikwa picha na maneno ya watu. Mwanafunzi akitia picha ya ngoma ya wanawake ya harusini, au maneno ya bibi aliyehojiwa barazani kwake, mwenzake amuulize kama walioonyeshwa waliridhia. Si kila kilichopigwa picha kwa simu ni cha kuonyeshwa watu.

La tano, lugha ya nyumbani. Mtoto wa Mvita, wa Lamu au wa Vanga huandika kama asemavyo, na mwenzake huharakia kumkosoa. Kama insha imenukuu shairi au maneno ya mzee, Kimvita, Kiamu au Kivumba chake kiachwe kilivyo, kwani ndicho ushahidi wenyewe. Kama neno hilo limo katika maelezo ya mwandishi, uliza: "Umelitumia makusudi?" Swali hilo humwachia mwandishi heshima yake, na humkumbusha pia kwamba mtihani wataka Kiswahili sanifu.

Namna ya kupokea maoni

Kupokea ni kugumu kuliko kutoa. Mwandishi anaposomewa maoni, anyamaze na aandike. Akianza kujitetea, "nilimaanisha hivi", ajue kwamba alichomaanisha hakimo kwenye karatasi, na huo tayari ni msaada. Anachoruhusiwa kusema ni swali la kutaka ufafanuzi: "Ulikwama sentensi gani?"

Akimaliza, ayapange maoni mafungu matatu. Fungu la kwanza ni la makosa ya hakika, kama mwaka au jina lililokosewa: hayo ayahakikishe na kuyarekebisha. La pili ni mahali msomaji alipopotea: hapo akubali kwamba pana tatizo, hata kama dawa aliyopendekezewa haimridhishi. La tatu ni la upendeleo: mwenzake apenda utangulizi mfupi, yeye apenda mrefu. Hapo ana hiari. Wasomaji wawili wakikwama mahali pamoja, asiwe mbishi.

Neno la mwisho ni la mwandishi. Insha ina jina lake, na ndiye atakayeulizwa na mwalimu. Kwa hivyo msomaji asimwandikie aya mpya. Akifanya hivyo amemnyang'anya kazi yake. Aulize, aonyeshe, kisha amwachie.

Kwa walimu na wazazi

Mwalimu aliye na darasa lililofurika hawezi kuandika maoni marefu kwa kila mwanafunzi. Vikundi vya watatu watatu vyamsaidia: kila insha husomwa na wawili, na anayeona haya kusema huweza kuandika. Maoni haya yasigeuzwe alama za mtihani. Mwanafunzi akijua kwamba swali lake litampunguzia rafiki yake alama, hatauliza. Mwalimu apime badala yake kilichobadilika baina ya rasimu ya kwanza na ya pili, na asome pia maoni yaliyotolewa, maana anayejua kuuliza vizuri naye amejifunza.

Wazazi nao wana nafasi yao. Mtoto akija na maswali ya mwenzake, "taarab ya hapa ilianza vipi?" au "leso hii jina lake lina maana gani?", asifukuzwe kwa kuambiwa akatafute kwenye simu. Jibu analolitafuta huenda liko kwa nyanya yake, na likiandikwa leo kwa usahihi halitapotea pamoja naye.