Kutoka Bububu hadi Kigoma: usiku ndani ya gari la moshi

Muulize Mzanzibari jina la Bububu limetoka wapi. Mara nyingi atakujibu bila ya kusita kuwa ni mlio wa gari la moshi: bu-bu-bu, bu-bu-bu, likitoka Forodhani kwenda shamba. Ni hadithi tamu, watembeza wageni wanaipenda, na hata mimi nikiisikia hutabasamu. Lakini haiwezi kuwa kweli. Sayyida Salme binti Said, ambaye wasomaji wengi wanamjua kwa jina la Emily Ruete, alikaa Bububu baada ya fitina ya ndugu zake ya mwaka 1859. Akaitaja Bububu kwa jina hilo hilo katika kumbukumbu zake zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886. Reli ya Bububu ilianza kazi mwaka 1905. Mtoto hawezi kuzaliwa kabla ya mama yake.

Hata hivyo hadithi yenyewe ina thamani yake. Inatuonesha jinsi gari la moshi lilivyokaa katika kumbukumbu za kisiwa ambacho hakijaona reli kwa karibu miaka mia moja. Tumelisahau gari, mlio tumebaki nao. Na kwa kuwa kila likizo za skuli zikikaribia kuna familia Mjini na Ng'ambo inayokaa kujadili "safari hii tuwapeleke watoto bara kwa treni", nimeona tuifuate historia hii kutoka kwenye reli yetu fupi mpaka kwenye zile ndefu za bara, ambako abiria hulala. Maana safari ya mchana ni ya mtu na tiketi yake. Safari ya kulala ni ya nyumba nzima: nani alale wapi, nani asionane na nani, watoto wale nini, bibi apande kitanda gani.

Reli mbili za Unguja

Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala kutoka 1870 hadi 1888, alikuwa mtu wa kupenda mambo mapya. Yeye ndiye aliyeleta maji ya mfereji mjini na kujenga Beit el Ajaib. Pia alijiwekea kireli kidogo cha kwenda kwenye kasri lake la Chukwani, kusini ya mji. Mwanzo mabehewa yalikokotwa na nyumbu, baadaye ikaletwa injini ndogo ya mvuke kutoka Uingereza. Ilikuwa starehe ya mfalme na watu wa nyumba yake, na alipofariki haikudumu.

Reli ya pili ndiyo ya Bububu. Ilijengwa na kampuni ya Kimarekani, Arnold, Cheney & Co. ya New York, ikiwa na urefu wa maili saba, yaani kilomita 11 hivi. Ilianzia hapo Ngome Kongwe, ikapita Malindi katikati ya nyumba za watu, ikaelekea kaskazini kupitia Mtoni mpaka Bububu. Serikali ikainunua mwaka 1911. Ilibeba watu wa mashamba wanaoleta matunda na mboga mjini, na wageni wa meli waliotaka kuona mikarafuu na kurudi kabla meli haijang'oa nanga. Katika miaka ya 1920 magari yalianza kuchukua abiria barabarani. Treni ya abiria ikasimama, reli ikatumika kwa muda kubeba mawe ya ujenzi wa bandari, kisha ikang'olewa.

Maili saba! Hujamaliza kumwambia mwenzako habari za harusi ya jana, umeshafika. Katika reli zote mbili hakuna aliyewahi kulala usiku. Kisiwa chenyewe hakina nafasi hiyo: kutoka Nungwi hadi Makunduchi ni kiasi cha kilomita 85 tu.

Mwaka 1905

Mwaka huo huo wa reli ya Bububu, mambo mawili mengine yalitokea ambayo hayatajwi pamoja mara nyingi. Mwezi wa Juni, Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, alifariki katika Mji Mkongwe. Na upande wa pili wa bahari, Dar es Salaam, Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati.

Tippu Tip alikuwa bwana wa safari ndefu. Maisha yake aliyaeleza mwenyewe kwa Kiswahili, na ukiyasoma utaona kuwa sehemu kubwa ni hesabu za safari: wapagazi wangapi, bunduki ngapi, chakula cha wapi, mkopo wa nani. Tusiipambe hesabu hiyo. Ilikuwa safari ya pembe za ndovu na ya watu waliotiwa utumwani, na wengi waliokwenda kwa miguu hawakurudi. Pia ilikuwa ya polepole. Burton na Speke waliondoka Unguja Juni 1857, wakafika Ujiji Februari 1858. Miezi minane.

Reli ya Wajerumani iliifuata, kwa sehemu kubwa, njia ile ile ya misafara. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912, na Kigoma mwanzoni mwa mwaka 1914, miezi michache tu kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Ni zaidi ya kilomita 1,250. Safari ya miezi ikawa safari ya siku. Kazi ya upagazi, iliyokuwa imelisha maelfu ya Wanyamwezi, ikakosa njia yake kuu. Wazee wetu walisema zumari likipigwa Unguja hucheza watu wa Maziwa Makuu. Sasa mpiga zumari mwenyewe aliweza kupanda gari akawafuata wachezaji.

Kaskazini kulikuwa na reli nyingine iliyotangulia. Reli ya Uganda ilianzia Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901. Mombasa wakati huo, ingawa ilitawaliwa na Waingereza, kwa jina ilikuwa bado chini ya bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar. Kwa hiyo moja katika reli mashuhuri za kulala duniani ilianzia kwenye ardhi ya Sultani ambaye nyumbani kwake hakuna hata mahali pa kusinzia garini.

Lakini kitanda hakikuwa cha kila mtu. Katika reli za kikoloni madaraja yalifuata rangi kwa kiasi kikubwa: la kwanza Wazungu, la pili Wahindi na Waarabu wenye uwezo, la tatu Waafrika, tena kwenye viti vya mbao. Safari moja, usiku mmoja, wengine wameletewa shuka, wengine wamekaa wima mpaka asubuhi. Abdulrazak Gurnah, mtoto wa Malindi, aliliona hili gari kwa jicho jengine kabisa katika riwaya yake ya mwaka 1994, ambayo Ida Hadjivayanis ameitafsiri kwa Kiswahili kwa jina la Peponi. Yusuf, mvulana wa miaka kumi na miwili, anapandishwa treni na Ami Aziz kwenda pwani. Anadhani ni matembezi, kumbe ametolewa rehani kwa deni la babake. Reli ile iliyowakutanisha watu na jamaa zao ndiyo iliyowatenganisha wengine na wazazi wao.

Chumba cha vitanda sita

Reli ya tatu tuliijenga baada ya uhuru. TAZARA, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, kilomita 1,860, ilijengwa kwa mkopo wa China usio na riba kuanzia mwaka 1970 na kukabidhiwa rasmi mwaka 1976. Sababu yake ilikuwa siasa: Zambia ilitaka kupitisha shaba yake bila ya kuwategemea makaburu wa kusini. Pamoja na shaba, abiria nao wakapata vitanda. Daraja la kwanza chumba kina vitanda vinne, la pili vitanda sita. Kwenye Reli ya Kati nako kuna "daraja la pili kulala", vitanda sita, vitatu kila upande: cha chini, cha kati na cha juu.

Hapa ndipo familia ya Kiunguja inapotoa kalamu na karatasi. Utaratibu wa reli hizi ni kuwa wanaume na wanawake hawachanganywi chumba kimoja, isipokuwa watu wamekichukua chumba kizima. Kwa hiyo baba, mama na watoto watatu wakikata tiketi tano, baba atalala na wanaume asiowajua na mama atajikuta na wasafiri wengine behewa jengine, mtoto mmoja akilia huku, mwengine kule. Wakilipia na kitanda cha sita, mlango unafungwa na chumba kinakuwa nyumba yao. Mama anaweza kuvua mtandio, bibi akanyoosha miguu kitanda cha chini, watoto wakagombania cha juu.

Ile tiketi ya sita, ya mtu asiyekuwepo, watu wa bara wengine huiona israfu. Kwetu sisi ni bei ya stara. Nyumba za Mji Mkongwe zilijengwa kwa fikra hiyo hiyo: baraza nje kwa wageni wa kiume, ukumbi na ua ndani kwa watu wa nyumbani, mlango mzito katikati. Anayekilipia chumba kizima anaibeba nyumba yake mpaka Tabora. Wala si lazima kitanda kikae kitupu. Aghalabu hupatikana binamu, au mtoto wa jirani ambaye hajawahi kuvuka bahari.

Yaliyobaki ni ya kupanga. Safari ya Mzanzibari huanza baharini, na boti ikichelewa treni haimngojei. Kwa hiyo vuka kwa boti ya asubuhi, au lala kwa jamaa Kariakoo. Stesheni ya Reli ya Kati Wajerumani waliiweka karibu na bandari, ukishuka botini unaweza kwenda kwa miguu ikiwa mizigo ni ya kiasi. Ya TAZARA iko mbali, kwenye barabara ya uwanja wa ndege. Ratiba ulizia stesheni kwenyewe, kwani hubadilika. Chukua shuka na koti, maana usiku wa nyanda za juu si baridi ya Unguja. Chukua maji, na vyakula visivyoharibika haraka: mikate ya ufuta, sambusa za kukaushwa vizuri, kuku wa kukaanga wa siku ya kwanza. Baada ya hapo stesheni zitakulisha. Saranda inajulikana kwa vyakula vyake, Tabora kwa asali, na Kigoma utapokewa na migebuka. Sala ni za safari, kufupisha na kujumuisha. Ukienda Kigoma unaelekea magharibi, basi qibla iko mkono wako wa kulia, ila reli ikikata kona itabidi ukadirie upya.

Usiku unapopungua

Tarehe 1 Agosti 2024, Rais Samia Suluhu Hassan, mzaliwa wa Makunduchi, alizindua rasmi safari za treni ya kisasa ya umeme kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Njia ambayo kwa treni ya zamani huchukua usiku mzima sasa ni ya saa tatu na nusu au nne. Kenya walitangulia: mwaka 2017 treni mpya ya Mombasa na Nairobi ilianza, kiasi cha saa tano, na ile treni ya kulala ya zamani ikasimama. Kwenye treni hizi mpya hakuna vitanda. Vya nini? Umeshafika.

Siwezi kuilaumu kasi. Mgonjwa anayepelekwa hospitali Dodoma haitaji mapenzi ya reli ya kizamani, wala mfanyabiashara wa Darajani hana usiku wa kupoteza. Anayesifu polepole mara nyingi ni yule asiyesubiriwa na mtu. Lakini tujue tunachobadilisha. Kwenye kiti, kila mtu hutazama mbele na simu yake mkononi. Kwenye chumba cha vitanda sita watu hutazamana, taa ikizimwa wanaanza kuhadithiana, na mtoto aliyelala kitanda cha juu husikia kwa mara ya kwanza kuwa babu yake aliwahi kukaa Ujiji, na kwa nini aliondoka.

Reli ya kisasa inaendelea kujengwa kuelekea Tabora, Mwanza na Kigoma. Huko masafa ni marefu, na suala la kulala litarudi mezani. Wakati wa kuamua mabehewa ya aina gani yanunuliwe, ni vizuri sauti za familia zisikike, pamoja na za visiwani. Kwa sasa vitanda bado vipo kwenye reli mbili za zamani. Kama likizo ijayo mmeazimia kwenda, anzeni kwa kuhesabu watu wa nyumbani. Wakiwa watano, muulizeni jirani kama mwanawe ameshawahi kuliona Ziwa Tanganyika.