Shaka ya kipimo katika majaribio ya vifaa vya umeme (Kasulu na Kibondo)

Shaka ya kipimo ni upana ambao thamani halisi ya kitu kilichopimwa hutarajiwa kuwa ndani yake, kwa kawaida kwa uhakika wa asilimia 95. Mwongozo wa kimataifa wa kuikadiria ulitoka mwaka 1993, na kiwango cha ISO/IEC 17025 huzidai maabara zote za upimaji makadirio hayo.

Mpaka wa usalama

Pasi ya umeme yenye waya wa ethi hairuhusiwi kuvujisha zaidi ya miliampia 0.75. Mita ikisoma 0.73 na shaka yake ikawa 0.04, uvujaji halisi waweza kufika 0.77. Kuipitisha pasi hiyo ni kumtwisha hatari anayeishika mpini, kwa hiyo maabara makini hukomea 0.71.

Ethi na majira

Katika nyanda za juu za Kigoma, zilipo Kasulu na Kibondo, shaka kubwa haitoki kwenye mita, inatoka ardhini. Fimbo ileile ya ethi iliyopimwa wakati wa mvua husoma ukinzani mdogo, na kati ya Juni na Septemba, udongo ukikauka, ukinzani hupanda kupita mbali kosa la chombo chenyewe. Cheti cha Machi kisichotaja hali ya udongo kinamdanganya mwenye nyumba. Kipimo cha kuaminika ni cha mwisho wa kiangazi. Fundi hupigilia vigingi viwili vya majaribio kwenye mstari mmoja, cha ndani kikiwa kwenye asilimia 62 hivi ya umbali wa kile cha nje. Vikikaribiana mno na fimbo, namba hutoka ndogo kuliko ukweli. Kumwagia maji shimo la fimbo kabla ya kupima ni udanganyifu uleule.

Volti nazo huyumbisha majibu. Kasulu na Kibondo ziliendeshwa kwa majenereta ya dizeli ya Shirika la Umeme (TANESCO) hadi zilipounganishwa na gridi ya Taifa kupitia kituo cha Nyakanazi, mwaka 2022. Hita ya volti 230 ikipewa 207 hutoa asilimia 81 tu ya nguvu yake, hivyo jaribio la joto lisilonukuu volti halina thamani.

Uimara

Vifaa 59 vinapaswa kumaliza jaribio bila hata kimoja kufa ndipo itamkwe, kwa uhakika wa asilimia 95, kwamba angalau asilimia 95 ya shehena ni imara.

Taasisi

Shirika la Viwango Tanzania (TBS), lililoanzishwa mwaka 1975, lina makao yake Ubungo, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Kibondo. Mizani na mita za kibiashara ziko chini ya Wakala wa Vipimo.