Vitabu Vilivyoandikwa Baada ya Saa za Kazi

Kila mwaka wa masomo unapoanza, hakosi mwanafunzi wa kuniuliza: "Daktari, ni kitabu gani unachokipenda kuliko vyote?" Kwa miaka kadhaa nilijibu kwa kutaja vitabu vya nadharia, vile vinavyompa mhadhiri heshima mbele ya darasa. Jibu hilo halikuwa la kweli. Vitabu ninavyovirudia, ambavyo kingo zake zimejaa alama za penseli yangu, ni vitatu, na vyote ni vya Kiswahili. Nilichelewa kutambua kwamba vinafanana kwa jambo moja: hakuna hata kimoja kilichoandikwa na mtu aliyeishi kwa kalamu. Waandishi wake walikuwa watu wa ajira nyingine, na waliandika kazi ya mchana ilipokwisha.

Ndugu msomaji, nalisimulia jambo hili kwa sababu ya watumishi wa umma ninaokutana nao hapa Dodoma. Huniambia kwamba kusoma wanakupenda, ila muda hawana.

Kitabu cha kwanza ni Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1951. Mwandishi huyu, aliyezaliwa Tanga mwaka 1909, aliingia ukarani wa forodha mwaka 1926, na kitabu kilipotoka alikuwa bado mtumishi wa serikali ya kikoloni. Kinasimulia kesi ya Karama, anayeshtakiwa na Waziri Majivu kwa kosa la kuanzisha elimu ya sheria. Karama anajitetea kwa kueleza habari za wajumbe sita waliotumwa nchi za jirani, wakarudi na mambo ya manufaa, wakalipwa kifungo. Nilipokuwa sekondari nilikisoma ili nifaulu mtihani. Nilikariri maudhui na fani, nikakiweka kando. Nilikisoma tena nikiwa mwajiriwa, baada ya kukaa kwenye kamati kadhaa na kuona ripoti nzuri ikipokelewa kwa makofi kisha aliyeiandika akiandamwa. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba Kusadikika ni kitabu cha mtu aliyezijua ofisi kwa ndani. Karani ndiye anayeona jalada linaingia lini na linalala wapi.

Cha pili ni riwaya ya Aniceti Kitereza wa Ukerewe, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali. Kitereza alikuwa katekista, na alifanya kazi katika misheni ya Kagunguli. Alikamilisha mswada wake kwa Kikerewe mwaka 1945, lakini hakupata mchapishaji, kwa kuwa wasomaji wa lugha hiyo walionekana kuwa wachache mno. Akaugeuza mwenyewe kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House ikautoa mwaka 1980, miaka 35 baada ya kukamilika, na mwaka uliofuata mwandishi akafariki dunia. Ndani yake mna mume anayemfuata mkewe aliyechukuliwa na wazazi wake kwa sababu ndoa haijapata mtoto. Na mna kilimo, uvuvi, tiba, pombe, na adabu za ukwe, vyote kwa utulivu wa mtu asiyeharakishwa na yeyote. Kitabu hiki nakisoma alfajiri, kurasa tano au sita, kabla nyumba haijaamka. Hakisomeki kwa pupa.

Cha tatu kinanihusu kwa karibu zaidi, na ndicho kinachoniaibisha. Ninaishi Kikuyu, si mbali na majengo ya iliyokuwa Shule ya Sekondari Mazengo, ambayo tangu mwaka 2007 ni Chuo Kikuu cha St. John's. Nimefundisha historia katika mji huu kwa miaka mingi. Hata hivyo kitabu cha Mathias Mnyampala, Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika, nilikisoma kwanza kwa Kiingereza, katika tafsiri iliyohaririwa na Gregory Maddox na kuchapishwa Marekani mwaka 1995. Yaani mimi, mzaliwa wa Ugogo, nilikopeshwa historia ya kwetu katika lugha ya mbali, ilhali ilikuwa imeandikwa kwa Kiswahili tangu mwaka 1954.

Mnyampala alizaliwa mwaka 1917, pande za Ihumwa. Huo ni mwaka ilipoanza njaa ya Mtunya, ambayo wazee wa Ugogo hawakuisahau: ukame ulikuja baada ya majeshi ya vita vya Wajerumani na Waingereza kuchukua nafaka, mifugo na wanaume wa kubeba mizigo. Alipokuwa mtu mzima alitumika katika utawala na mahakama. Wengi wanamkumbuka kama mshairi wa ngonjera, lakini kabla ya umaarufu huo alikusanya masimulizi ya koo, watawala na mila za Wagogo, na East African Literature Bureau, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1948, ikayachapisha. Alifariki mwaka 1969, miaka minne kabla ya TANU kuamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma.

Nakala ya Kiswahili niliipata kwa mzee mmoja mstaafu wa hapa Kikuyu. Alikuwa ameifunika kwa gazeti na kuiweka sandukuni pamoja na hati ya kiwanja. Aliniazima kwa siku tatu. "Kirudi kama kilivyoondoka," akasema. Sikuthubutu kukipeleka kwenye mashine ya kunakili, kwa kuwa uti wake ulikuwa umeanza kuachia. Nikanukuu kwa mkono daftari zima, usiku tatu mfululizo.

Mtu anaweza kudai kwamba hao watatu walikuwa watu wa pekee, na kwamba taifa zima haliwezi kuishi hivyo. Historia inasema vingine. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima wapatao milioni mbili walikutana kwa vikundi kusikiliza redio na kujadili vijitabu vilivyoandaliwa kwa ajili yao. Hao walikuwa wakulima waliotoka shambani. Bibi yangu hakujua kusoma, lakini alijua kijitabu kile kwa sababu jirani alikisoma kwa sauti chini ya mbuyu. Kusoma baada ya kazi kuliwahi kuwa shughuli ya kawaida ya kijiji. Kulikuwapo karatasi, kulikuwapo saa iliyopangwa, na kulikuwapo mtu wa kusoma naye. Leo tunalaumu simu na uvivu wa vijana, wakati vitu hivyo vitatu ndivyo tulivyoviacha vipotee.

Siku hizi basi la watumishi huondoka mjini asubuhi kuelekea Mji wa Serikali, Mtumba, jirani kabisa na Ihumwa ya Mnyampala. Wamo wanaotunga sera za ardhi, maji na mifugo. Ni wangapi kati yao waliowahi kusoma ukurasa mmoja wa mtu aliyeandika juu ya ardhi hiyohiyo, naye akiwa mtumishi kama wao? Siwalaumu, kitabu chenyewe hawatakipata dukani. Lakini wizara ziko hapa, na mitambo ya kuchapa ipo. Kinachokosekana ni mtu wa kukidai kitabu hicho.

Mzee yule alifariki mwaka juzi. Msibani niliona haya kuuliza habari za kitabu. Nilipokwenda baada ya arobaini, wanawe walinieleza kwamba sanduku lilifunguliwa, hati ya kiwanja ikatolewa, na karatasi nyingine zikachukuliwa na muuza karanga. Kilichobaki kwangu ni lile daftari. Wanafunzi wangu wa mwaka huu wameanza kulipiga chapa, kurasa mbili kila Ijumaa jioni, na kila ukurasa tunausoma kwanza kwa sauti.