Zamani Kazi ya Likizo Ilikuja na Trekta

Kila likizo ikifika hakosekani mjomba wa kukuambia, "Sisi wakati wetu tulijitafutia kazi." Sawa mjomba, ni kweli. Lakini wasee, mbona hakuna anayeuliza walikuwa wanaitafuta wapi?

Mathe wangu alikulia karibu na Ruiru miaka ya 1980. Shule zikifungwa Desemba, alikuwa anaamka saa kumi na moja, anavaa sweta, anasimama kando ya barabara na wenzake. Trekta la shamba la kahawa likipita, unapanda. Hiyo ndiyo ilikuwa intaviu. Huulizwi CV, huulizwi unajuana na nani. Unachuma zile nyekundu tu, jioni nyapara anapima, unalipwa kwa debe. Msimu mkubwa wa kahawa huko Kiambu ni Oktoba hadi Desemba, kwa hivyo likizo ndefu ilianguka pale pale mashamba yanapotaka mikono. Pesa yake ilinunua viatu vya shule vya Januari.

Sisemi ilikuwa raha. Mashamba yalipenda mikono ya watoto tangu enzi za mkoloni kwa sababu ilikuwa bei rahisi, na kuna wenye likizo yao haikuisha, wakabaki huko huko. Leo sheria ya ajira ya 2007 inakataza kumwajiri aliye chini ya miaka 13, na wa 13 hadi 16 anaruhusiwa kazi nyepesi tu isiyoharibu masomo. Hapo sina ubishi.

Lakini lile trekta lilienda wapi? Julai 1989, mpango wa kimataifa uliokuwa unagawia kila nchi kiasi cha kahawa ya kuuza ulivunjika. Bei ikaanguka. Wakulima wengine wakang'oa mikahawa, wengine wakauza ardhi, na Nairobi ilikuwa inakuja mbio. Shamba likawa ploti.

Sisi tukabaki na kujuana. Shangazi ana saluni, jirani ana mjengo, kuna mtu ana duka la simu. Ukikosa hao, ngoja serikali. 2009 kulikuwa na Kazi kwa Vijana. Agosti 2019 ikaja sensa, vijana wakapewa tableti wakahesabu watu nyumba kwa nyumba kuanzia usiku wa tarehe 24. Poa sana, ila sensa huja baada ya miaka 10! Na siku hizi hata kazi ya kupanga mabokisi inataka kitambulisho, cheti cha polisi cha tabia njema, na uzoefu wa miaka miwili. Uzoefu gani, na mtu ana miaka 18?

Desemba iliyopita mathe alinionyesha mahali walikuwa wanangojea trekta. Sasa ni geti la estate. Nilisogea nikamuuliza soja kama kuna kibarua chochote ndani. Akaniuliza naenda nyumba namba ngapi.