Motokaa Kuukuu na Kwao

Nyuma ya nyumba ya mjomba wangu, hapo Rukanga chini ya mlima Kasigau, palikuwa na motokaa aina ya Peugeot 404 iliyokaa juu ya mawe manne kwa muda mrefu hata kuku wakaifanya mahali pao pa kutagia. Rangi yake ilikuwa imeliwa na jua, viti vimetobolewa na panya, na mlango mmoja ulifungwa kwa kamba ya katani. Mjomba aliinunua ikiwa imekwisha kuwa kuukuu, akaitumia kuchukua abiria baina ya kijiji chetu na Voi kwa njia ya Maungu, mpaka siku ilipokataa kwenda. Hakuiuza. Kila alipoulizwa alijibu neno moja tu, kwamba anangojea vipuri.

Mjomba alifariki nilipokuwa kidato cha tatu. Mwaka uliofuata ada ya mtihani ilikaribia na fedha hazikuwapo, basi kwa ridhaa ya mkaza mjomba nilimwita mchuuzi wa vyuma chakavu, nami mwenyewe nikamsaidia kuikata ile motokaa vipande vipande. Aliipima kwa kilo, kama watu wapimavyo mahindi. Fedha niliyopewa ilitosha ada, na jozi moja ya viatu juu yake. Nimeanza kwa maungamo haya, msomaji kijana, ili ujue kwamba nikisema juu ya motokaa za kale sisemi kama mtu mwenye mikono safi.

Wako watu duniani, hasa katika Uingereza, Ujerumani, Japani na Marekani, ambao hutafuta motokaa zilizoundwa miaka hamsini au sitini iliyopita, huzinunua katika nchi za mbali, huzipakia melini, na wakiisha kuzifikisha kwao huzifufua kwa kazi ya miaka. Mtu asiyejua atauliza kwa nini wavuke bahari kwa ajili ya bati lililochakaa. Sababu moja ni chumvi. Katika nchi za baridi barabara humwagiwa chumvi wakati wa kipupwe ili barafu iyeyuke, na chumvi hiyo hurukia chini ya gari ikala chuma taratibu, mpaka sakafu itoboke. Gari lililoishi katika nchi kavu kama nyika yetu ya Tsavo hupatwa na maradhi mengine: jua hupasua mpira, hukausha ngozi ya viti, huondoa rangi, lakini mifupa hubaki mizima. Nilipoikata ile 404, msumeno ulilia sana. Chuma chake kilikuwa kigumu kama siku kilipotoka kiwandani, na wakati ule sikujua kwamba hiyo ndiyo ilikuwa thamani yake.

Sababu ya pili ni kubwa kuliko chumvi, nayo ni historia. Gari huundwa mahali pamoja na kupata jina mahali pengine. Ili kulieleza jambo hili yafaa turudi nyuma kidogo, tuone motokaa zilivyopita katika nchi hii.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza zilipita zikiwa zimevaa chuma. Mwaka 1915 Waingereza walijenga reli kutoka Voi kuelekea Maktau, ili wawakabili Wajerumani waliokuwa wameshika Taveta, na magari ya deraya ya Rolls-Royce yaliletwa kwa meli yakafanya kazi katika vumbi lile. Mwaka huo huo Wajerumani walifika Kasigau. Serikali ya Kiingereza iliwashuku wenyeji kuwa wamemsaidia adui, ikawahamisha watu wa Kasigau hadi Malindi, mahali pa joto na homa, ambako wengi walikufa. Waliosalia walikaa uhamishoni miaka mingi kabla ya kuuona tena mlima wao. Nimelitaja jambo hili kwa sababu si la kuachwa na mtu aandikaye kutoka Rukanga, na kwa sababu maneno "kurudi kwao" si maneno mepesi katika kijiji chetu.

Magari yaliyokuja baadaye hayakuja kwa vita. Mwaka 1953, kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yalianzishwa mashindano ya motokaa yaliyopita katika Kenya, Uganda na Tanganyika. Toka mwaka 1960 yaliitwa Safari ya Afrika Mashariki, na toka 1973 mpaka 2002 yalihesabiwa miongoni mwa mashindano ya ubingwa wa dunia, kisha yakarejeshwa katika hesabu hiyo mwaka 2021. Njia zake zilikuwa njia zetu wenyewe: vumbi, tope, mawe, madaraja yaliyochukuliwa na mvua, na makona ya milima ya Taita ambayo dereva akikosea hukutana na bonde. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7 tu. Lililotangulia lilikuwa Peugeot 404, likiendeshwa na Nick Nowicki na mwenziwe Paddy Cliff.

Hilo 404 lilionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1960. Umbo lake lilichorwa katika nyumba ya Pininfarina ya Italia, nalo likaundwa Ufaransa, lakini heshima yake ya Afrika Mashariki lilijipatia hapa. Lilishinda tena mwaka 1966 na 1967 mikononi mwa Bert Shankland, aliyekuwa mkazi wa Dar es Salaam, na mwaka 1968 Nowicki akashinda nalo mara ya pili, mwaka ambao pia magari 7 tu yalifika mwisho. Usishangae basi kwamba wachukuzi wa abiria walilipenda. Mtu wa kijijini hakusoma magazeti ya Paris. Aliona gari lililopita katika tope lililowashinda wengine, akasema, hili litanifikisha Voi.

Walakini katika habari zote za Safari, inayonigusa zaidi ni ya mwaka 1965. Mwaka huo walioshinda ni Joginder Singh na ndugu yake Jaswant. Joginder alizaliwa Kericho mwaka 1932 na alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva. Ufundi aliujua tangu ujana katika karakana ya baba yake. Gari lake lilikuwa Volvo PV544, la Sweden. Halikuwa jipya, bali lilikwisha kutumika katika mashindano na kikosi cha kiwanda kabla halijawa lake. Wala umbo lake halikuwa jipya, maana lilitokana na gari ambalo Volvo waliwaonyesha watu mwaka 1944, na kiwanda kiliacha kabisa kuliunda mwaka huo huo wa 1965. Kwa maneno mengine, ndugu hawa wawili walilitwaa gari la kigeni lililotumika, ambalo wenye nalo walikuwa karibu kuliaga, wakalifungua na kulifunga upya kwa mikono yao, kisha wakayashinda magari mapya kwa muda wa karibu dakika 100. Dunia ikamwita Joginder Singasinga Arukaye. Alishinda tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Colt Lancer, akafariki mwaka 2013.

Ninalirudia jambo hili darasani mara nyingi, kwa sababu vijana wetu huzoea kufikiri kwamba kufufua gari la zamani ni mchezo wa matajiri wa ng'ambo. Nairobi ya mwaka 1965 haikufikiri hivyo. Gari kuukuu lilikuwa kazi, na fundi alikuwa mtu wa kutazamwa.

Sasa tutazame upande wa pili. Mwaka 1971 Safari ilishindwa na Datsun 240Z, likiendeshwa na Edgar Herrmann, mzaliwa wa Ujerumani aliyekaa Kenya, pamoja na Hans Schüller. Gari hilo lilirudishwa Japani. Likakaa huko zaidi ya miaka arobaini, na mwaka 2013 wafanyakazi wa Nissan wenyewe, kwa kujitolea baada ya saa za kazi, walilifungua, wakalitengeneza injini na mitambo, wakaliendesha tena. Bodi yake waliiacha na makovu yake. Mahali palipobonyea pamebaki vivyo hivyo. Naliona hilo kuwa tendo la busara, kwa kuwa mtu akilinyosha bati lote na kulipaka rangi ing'aayo, atapata gari zuri ambalo halikufika popote. Fundi wa magari ya kale hana budi kuchagua kila siku: kipande hiki nikitengeneze, au nikiache kiseme kilichokipata? Mwanahistoria naye hukutana na swali hilo hilo anaposhika hati iliyochanika.

Lakini tazama lilipo kovu lile. Lilipatikana katika njia za Afrika Mashariki, na mwanafunzi wa Voi anayetaka kuliona hana budi kwenda Japani.

Toka mwaka 2003, mwaka wa hamsini tangu ile Safari ya kwanza, yako mashindano ya magari ya zamani peke yake. Björn Waldegård wa Sweden, aliyeshinda Safari mara nne tangu 1977 hadi 1990, alirudi na kuyashinda haya ya wazee mwaka 2011 kwa Porsche 911. Mwaka mmoja nilikwenda na wanafunzi wangu kando ya njia tuyaone. Yalipita Ford Escort, Datsun na Porsche, yote yakiwa yamefufuliwa kwa gharama kubwa, yakatuachia vumbi. Mwanafunzi mmoja aliniuliza yanakaa wapi magari hayo. Nikamweleza kwamba mengi huletwa Mombasa ndani ya makontena, na huingia kwa hati maalumu ya forodha ambayo mwenye gari huweka dhamana kwamba litatoka tena. Akanyamaza kidogo, akasema, "Kumbe ni wageni, mwalimu." Nikamwambia ndiyo, ingawa moyoni sikuridhika na jibu langu, maana baadhi ya aina zile zilishinda hapa kabla wazazi wake hawajazaliwa.

Mtu wa kwetu akitaka kununua gari kama lile ng'ambo na kulileta nyumbani alifufue, ataanza kwa furaha na kuishia bandarini. Kwa kanuni ya viwango KS 1515 ya mwaka 2000, gari lililotumika kwa kawaida haliruhusiwi kuingizwa Kenya likizidi umri wa miaka minane. Juu ya hayo kuna nauli ya meli, ukaguzi, na kodi ambazo hukusanyika moja juu ya nyingine. Siilaumu kanuni hiyo moja kwa moja. Pasipo mpaka wa umri, nchi tajiri zingetufanya jalala la magari yao yatoayo moshi, na tungeyapokea kwa shangwe kwa kuwa ni rahisi. Neno langu ni jingine: mlango wa kuingilia ukiwa umefungwa namna hii, magari ya kale tuliyo nayo ndiyo haya tu yaliyokuja zamani yakiwa mapya, yakazeeka pamoja nasi. Kila likikatwa moja, halina badala.

Nayo hukatwa kila siku. Biashara ya vyuma chakavu haina macho. Mizani yake haijui tofauti ya nguzo ya umeme na mlango wa Peugeot. Januari mwaka 2022 serikali iliisimamisha biashara hiyo kwa miezi kadhaa, kwa sababu watu walikuwa wakiharibu nguzo na nyaya za umeme hata nchi ikaingia gizani. Nguzo zilipata mtetezi. Kwa motokaa za akina mjomba hakuna aliyesema neno, na mimi sikuwa na haki ya kuwa wa kwanza.

Miaka michache baada ya kuimaliza ile 404, nikiwa likizo kutoka chuo cha ualimu, alifika Rukanga mtu mmoja kutoka Nairobi. Alikuwa na gari safi, na daftari lenye picha. Alisema anamtafutia vipuri tajiri wake wa Ulaya anayefufua 404, na kwamba huko Voi ameambiwa yako moja hapa, nzima, haina kutu. Nilimpeleka nyuma ya nyumba. Palikuwa na mawe manne, na nyasi zimeota katikati yake. Akauliza kioo cha mbele, hakipo. Akauliza taa, usukani, kabureta, havipo. Alipokuwa akigeuka kwenda zake akaiona boneti, ambayo mchuuzi aliiacha kwa kuwa siku ile mkaza mjomba alikuwa ameifunikia banda la kuku, nasi hatukuikumbuka. Akainama, akaipangusa vumbi kwa kiganja, akataja bei. Ilikuwa zaidi ya fedha yote niliyopokea kwa kilo zote.

Mkaza mjomba alitoka jikoni akiwa na mwiko mkononi, akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia, "Hiyo haiuzwi, mwanangu. Mwenyewe anangojea vipuri."

Yule mtu alinitazama, nami nikatazama chini. Akaandika kitu katika daftari lake, akaaga, akaondoka kwa njia ya Maungu. Boneti ingali pale juu ya banda.