Nusu ya Picha Iliyobaki Nje ya TV ya Chogo

Umbo la TV ya chogo halikubuniwa na watengenezaji wa TV. Lilitoka kwenye sinema. Mwishoni mwa karne ya 19, William Dickson, aliyekuwa akifanya kazi kwa Thomas Edison huko Marekani, aliipanga picha kwenye ukanda wa milimita 35 kwa kipimo cha nne kwa tatu: upana sehemu nne, kimo sehemu tatu. Hollywood ilipoweka kiwango chake rasmi mwaka 1932 haikwenda mbali na hapo, na TV zilipokuja zikarithi umbo hilohilo. Wakati huo filamu ya ukumbini ingeweza kuingia sebuleni bila kupungua kitu.

Ushindani ndio uliovunja udugu huo. Miaka ya 1950 Wamarekani walianza kubaki nyumbani na TV zao, na wenye sinema wakatafuta kitu ambacho kile kisanduku kisingeweza kukitoa. Mwaka 1952 ilikuja Cinerama, iliyoonyeshwa kwa projekta tatu kwa pamoja. Mwaka uliofuata 20th Century Fox ikatoa The Robe kwa CinemaScope. Ufundi wake ulitokana na lenzi ya Mfaransa Henri Chrétien: kwenye kamera lenzi iliibana picha pana ikaenea kwenye ukanda uleule wa milimita 35, na ukumbini lenzi nyingine ikaikunjua. Upana wa picha sasa ulizidi mara mbili ya kimo, na kipimo kilichozoeleka zaidi kikawa 2.35 kwa 1. India ilifuata mwaka 1959, Guru Dutt alipotengeneza Kaagaz Ke Phool. Kule Hong Kong, Shaw Brothers nao walikuwa na mtindo wao wa picha pana, Shawscope.

Filamu za namna hiyo zilitengenezewa kumbi kama Majestic, Empire na Cine Afrique za hapa Unguja, na waongozaji walijifunza kuutumia upana ule. Mtu mmoja akawekwa kushoto kabisa, adui yake kulia kabisa, na nafasi iliyo kati yao ikawa sehemu ya hadithi.

Lakini TV nazo zilihitaji filamu za kuonyesha. Mwezi Septemba 1961 kituo cha NBC cha Marekani kilianza kipindi chake cha filamu za Jumamosi usiku kwa How to Marry a Millionaire, picha ya CinemaScope, na mzigo mpana ukapitishwa kwenye mlango mwembamba. Njia iliyoshika ilikuwa kukata na kusogeza. Fundi alikaa na filamu, akaangalia kila tukio, akaamua kipande kipi kionekane na kipi kiachwe. Wawili wakizungumza, alimwonyesha msemaji, kisha akahamia kwa anayejibu. Picha ya 2.35 ikikatwa kuwa nne kwa tatu inapoteza zaidi ya asilimia 40 ya upana wake. Kanda nyingi tulizokodi madukani zilikuwa hivyo, na watazamaji wengi hawakujua.

Mimi nilijua kwa sababu ya kazi. Nilikuwa fundi wa TV na deki hapa mjini. Zanzibar ilikuwa na TV ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilhali Bara ilisubiri hadi 1994, kwa hiyo benchi langu halikuwahi kuwa tupu. Malalamiko yaliyonipa fikra zaidi hayakuwa ya mashine kufa. Mteja anaweka kanda au, baadaye, diski iliyokuja na picha nzima, anaona weusi juu na chini, anabeba TV yake hadi kwangu. "Fundi, TV imeiminya picha. Itanue."

Nyuma ya chogo kulikuwa na kidude cha kuzungusha kwa bisibisi, cha kupandisha na kushusha kimo cha picha. Ningekizungusha weusi ungepungua, lakini nyuso zingerefuka, na taarifa ya habari ya saa mbili ingepoteza kichwa cha msomaji. Nilikataa. Nilichukua rula nikampimia mteja. Kwenye TV ya inchi 21, filamu ya 2.35 ikija nzima inabaki na kimo cha inchi saba tu. Kwenye ya inchi 14 haifiki hata inchi tano. Familia nzima ikikaa kuangalia ukanda mwembamba kiasi hicho, lazima ilalamike, na malalamiko yao yalikuwa ya haki. Lakini niliwaambia: "Mama, ukiona weusi huo, ujue picha imekuja kamili."

Aliyebisha nilimwonyesha mwisho wa The Good, the Bad and the Ugly ya Sergio Leone, ya mwaka 1966. Clint Eastwood, Lee Van Cleef na Eli Wallach wamesimama kwenye uwanja wa mviringo katikati ya makaburi, na hakuna anayejua nani atamlenga nani. Uzito wote uko kwenye umbali baina yao. Kwenye kanda iliyokatwa unaona mmoja, labda wawili. Wa tatu unamkumbuka tu. Ni kama kanga: ina pindo, mji na jina. Ukiikata ushonee mto, ua la katikati litabaki, ila kanga haipo tena.

Kwenye vibanda umiza vya kuonyeshea video hasara ilikuwa kubwa zaidi, maana picha za kung fu zilipendwa kuliko zote. The 36th Chamber of Shaolin ya mwaka 1978 ni Shawscope. Ukiikata, Gordon Liu anapiga teke, na aliyepigwa yuko nje ya kioo.

Wenyewe waliotengeneza filamu hawakukaa kimya. Woody Allen alishikilia kwamba kanda ya Manhattan itoke na upana wake wote. Sydney Pollack alifungua kesi Denmark kwa sababu ya namna TV ya huko ilivyoonyesha Three Days of the Condor. Mwaka 1997 mahakama ilikubali kwamba kukata vile kulikuwa kuiharibu kazi yake, ingawa kesi haikumwendea upande wake.

Leo TV ni bapa, kumi na sita kwa tisa, na dhuluma imegeuka upande. Kanda za zamani za nne kwa tatu, waimbaji wa taarab, maigizo, hotuba, zinavutwa kwa upana ili zijaze kioo. Marehemu wetu wanaonekana wanene, na mviringo wa dafu unakuwa yai. Vijana watadhani ndivyo walivyokuwa.

Nyumbani, rimoti nyingi zina kitufe cha kuchagua umbo la picha. Chagua nne kwa tatu, uuvumilie weusi wa pembeni. Vituo vinavyohamisha kanda zao kuingia kwenye kompyuta viziache na umbo lake la asili kuanzia sasa, kwa sababu kinachonyooshwa wakati wa kuhifadhi kitarudiwa hivyohivyo miaka yote. Aliyeshika kamera alishaamua mipaka ya picha yake. Wajibu wetu sisi mafundi na warushaji ni kuifikisha kwa mtazamaji ikiwa na mipaka hiyohiyo.